Mkebe wa Mawe wa Steve Jobs na Maswali Tuliyosahau Kuuliza

Waliokuja leo kutafuta habari za programu mniwie radhi. Leo ni siku ya mawe. Lakini msiondoke, maana kabla hatujaagana tutakuwa tumerudi kwenye kompyuta, na mimi nitakuwa nimekiri kosa langu moja.

Wengi wenu mnaijua hadithi ya mkebe. Mwaka 1995 Steve Jobs alihojiwa na Robert Cringely kwa ajili ya kipindi cha televisheni kuhusu historia ya kompyuta. Mahojiano hayo yalikuja kuonyeshwa kama filamu mwaka 2011, mwaka uleule Jobs alipofariki. Humo anasimulia juu ya mzee mmoja jirani yake wa utotoni. Mzee alikuwa na mota, mkanda na mkebe wa kahawa. Wakaokota mawe ya kawaida tu nje ya nyumba, wakayatia mkebeni pamoja na majimaji na unga wa kusagia. Mota ikawashwa, mzee akamwambia mtoto arudi kesho. Kesho yake mawe yakatoka laini, yanang'aa. Kwa Jobs huo ndio mfano wa watu hodari wanaofanya kazi pamoja: wanagongana, wanabishana, wanapigiana kelele, na mwishowe wanang'arishana wenyewe pamoja na mawazo yao.

Hadithi tamu, sivyo? Nami nilikuwa mhubiri wake. Nilipokabidhiwa kikundi cha wanaprogramu saba niliisimulia siku ya kwanza, ili kueleza kwa nini kazi ya kila mtu ingekaguliwa mbele ya wote bila kubembelezana. Watu walitikisa vichwa kukubali. Kijana mmoja, aliyekuwa ametoka chuoni mwaka huo, aliandika jambo katika daftari lake. Miezi mitano baadaye alileta barua ya kuacha kazi, mistari miwili. Nilijiambia kwamba hakuwa jiwe la mkebe wetu, nikaendelea na shughuli.

Wakati huo sikuwa nimewahi kung'arisha jiwe hata moja.

Sasa nimeng'arisha. Ni mwaka wa pili tangu nianze mchezo huu, na nimekuja kuamini kwamba sisi tunaoipenda hadithi ya mkebe tungeisimulia tofauti kabisa kama tungewahi kuuzungusha huo mkebe wenyewe.

Mtambo wangu ni wa jua kali. Pipa ni kipande cha paipu ya plastiki ya inchi 6, ndani nimelibandika mpira wa tyubu ya gari ili mawe yasipasuke na majirani wasinichukie. Linalala juu ya vyuma viwili vinavyozungushwa na mota ndogo ya wati 25 na mkanda. Kwa wanaoogopa bili ya stima, hesabu ni rahisi: wati 25 kwa saa 24 ni uniti 0.6 kwa siku, au uniti 16.8 kwa wiki nne. Stima ikipotea hakuna hasara, ikirudi pipa linaendelea. Ningependa programu zangu nazo ziwe na tabia hiyo.

Mawe ya kwanza yalikuwa kwatzi, yale mawe meupe na ya kijivu yanayojaa kando ya barabara ukishapita Machakos kuelekea Kitui. Nikayaosha, nikatia maji na vijiko vinne vya unga, nikawasha. Kesho yake, kama mtoto Jobs, nilifungua pipa.

Hakuna kilichokuwa kimetokea. Mawe yalikuwa yaleyale, yamepakwa tope la kijivu tu.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma, na haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, si usiku mmoja, ni mwezi. Kwatzi hupita hatua nne, kila moja kama siku saba bila kuzima. Unaanza na unga mkavu wa chenga kubwa, namba 60 hadi 90, ambao unaondoa pembe na nyufa. Unafuata wa namba 120 hadi 220, kisha wa 500, halafu mwisho unga laini kabisa wa kung'arishia, kwa mfano oksidi ya alumini. Namba hizi ni ndugu za zile zilizoandikwa nyuma ya msasa unaouzwa hadware: namba ikipanda, chenga zinapungua ukubwa. Kila hatua ina kazi moja tu, kufuta mikwaruzo iliyoachwa na hatua iliyotangulia. Ukiruka moja, mng'aro hauji hata ukizungusha hadi Krismasi.

Pili, mawe hayang'arishani yenyewe. Hili lilinishtua. Mawe matupu na maji yatasagana polepole, kama mtoni, lakini mto una miaka mingi na mimi sina. Anayefanya kazi ni unga ulio katikati yao. Ule wa kawaida ni silikoni kabaidi, kitu ambacho Mmarekani Edward Acheson alikitengeneza mwaka 1891 akihangaika kupata almasi bandia. Kwenye kipimo cha ugumu cha Friedrich Mohs cha mwaka 1812, ambacho talki ni 1 na almasi ni 10, kwatzi ni 7 na silikoni kabaidi ni zaidi ya 9. Mawe yanachangia uzito na mwendo. Kinachokata ni kitu cha tatu, ambacho mtu amekichagua kwa namba na kukipima kwa kijiko. Mkebe wenye mawe na kelele tu hutoa mawe yenye kelele.

Tatu, pipa lisiwe tupu. Mtu hudhani kwamba mawe machache yakipata nafasi ya kugongana kwa nguvu yatang'aa haraka. Ni kinyume. Pipa linatakiwa lijae kiasi cha theluthi mbili, ili mawe yapande na ukuta kisha yateleze chini yakiwa yamebanana. Likiwa nusu tupu, au likienda mbio, mawe yanaanguka na kupigana, na kila pigo linaacha ufa mdogo kama mwezi mwandamo ambao hakuna unga utakaoufuta. Ndiyo maana wenye uzoefu huongeza vipande vidogo vya kauri kujaza nafasi. Kumbe kugongana ndiko kunakoharibu jiwe. Linalolainisha ni kuteleza.

Nne, usafi. Baada ya kila hatua unaosha kila jiwe, kila pembe ya pipa, hata kifuniko. Punje moja ya namba 60 ikibaki hadi hatua ya mwisho itachora mawe yote, na mwezi wako umekwisha. Mimi nina pipa la pili ambalo halijawahi kuonja unga mkubwa. Tope lenyewe lisimwagwe kwenye sinki kamwe, linaganda ndani ya paipu kama simiti. Mimi namwagia shimoni nyuma ya nyumba. Wala usisage kwatzi kavu, vumbi lake huua mapafu. Kila kitu kifanyike kwenye maji.

Tano, na hapa ndipo penye kidonda changu. Mawe yote kwenye pipa moja yawe na ugumu unaokaribiana.

Sikulijua hilo nilipoanza raundi ya pili. Nilikuwa na kipande cha marumaru ya Kajiado, chenye mistari ya waridi, nilichopewa na mjomba miaka mingi iliyopita. Nilikitia pamoja na kwatzi, nikidhani kitatoka kizuri kuliko vyote. Marumaru kwenye kipimo cha Mohs ni 3. Baada ya siku saba nilifungua, nikahesabu mawe mara mbili. Kile cha mjomba kilikuwa kimebaki saizi ya njugu, kimekuwa duara, mistari yote imekwenda. Kingine chote kilikuwa tope. Kwatzi zilikuwa salama kabisa, wala hazikuwa zimeng'aa zaidi kwa kukila.

Nilikaa na ile njugu mkononi, nikamkumbuka yule kijana na daftari lake.

Najua mtakaloniambia. Jiwe si mtu. Tena huu mfano ukiufuata mpaka mwisho unasema kwamba watu wengine ni 7 na wengine ni 3, na aliyeondoka alikuwa 3. Nami nilisema hivyohivyo kwa miaka. Lakini nendeni Tabaka, kule Kisii, mkaone wachongaji wa mawe ya sabuni. Jiwe lile lina talki nyingi, kisu kinalikata. Ukilitia kwenye pipa langu na kwatzi halitamaliza wiki. Na bado linatoka Tabaka likiwa na mng'aro unaouzwa duniani kote, kwa sababu kuna watu, wengi wao wanawake, wanaokaa nalo mkononi wakilisugua kwa msasa na maji, kisha wanalipaka nta. Hivyo jiwe laini nalo linang'aa, ila kwa njia yake. Lililokosea ni pipa, na pipa halijiwashi lenyewe.

Hilo ndilo hadithi ya mkebe inaloficha. Jobs aliisimulia kama mtoto aliyeondoka jioni na kurudi asubuhi. Kwenye hadithi mzee hafanyi lolote ila kuwasha mota. Lakini mzee ndiye aliyechagua mawe yapi yaingie. Ndiye aliyejua unga upi na kiasi gani. Kama mawe yalitoka yanang'aa kweli, basi kuna kuosha na kubadilisha ambako mtoto hakukuona, au usiku ule ulikuwa mrefu kuliko anavyoukumbuka. Sisi viongozi wa vikundi tumependa hadithi hii kwa sababu inatupa ruhusa ya kuwasha mota na kwenda kulala. Watu wakipigana tunasema wanang'arishana. Mtu akimomonyoka tunasema hakuwa mgumu.

Kama ningekabidhiwa kikundi tena, na huenda nitakabidhiwa, ningefanya kama ninavyofanya na mawe. Kazi ya aliyeanza juzi haikaguliwi mbele ya watu saba wenye miaka kumi kila mmoja; inakaguliwa na mtu mmoja, mezani, kwa wiki kadhaa. Mwezi wa kwanza tunaondoa pembe kubwa tu, hatugusi majina ya vigeu wala nafasi kati ya mistari. Ugomvi wa wiki iliyopita unaoshwa kabla ya kuanza kazi mpya, maana ile punje moja naijua sasa. Na pakiwa na mabishano, pawe na kitu cha tatu kinachokata: vipimo, majaribio, programu yenyewe ikiendeshwa mbele yetu. Mtu mmoja kumsugua mwingine kwa sauti si unga wa namba yoyote.

Mwezi uliopita nilimtafuta yule kijana, ambaye si kijana tena. Nilimpigia simu, nikamwambia, "Ndugu yangu, nimekupigia kukuomba radhi kwa jinsi nilivyokutendea." Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hiyo imeshapita, bosi." Nikamuuliza kazi inakwendaje. Akasema inakwenda vizuri, ana kikundi chake sasa, ila hata leo hawezi kumwonyesha mtu msimbo wake kabla hajausoma mara nne peke yake usiku. Hakusema kwa lawama. Alisema kama mtu anayetaja kimo chake.

Kwa hiyo, ninyi mnaopenda kuchokonoa vitu, jaribuni mchezo huu. Hauhitaji fedha nyingi. Fundi wa jua kali atakuunganishia fremu kwa siku moja, mawe ni ya bure mkiyaokota mahali panaporuhusiwa. Katika mbuga za taifa msiguse hata kokoto: obsidiani ya Hell's Gate ni ya kupigwa picha tu. Anzeni na mawe ya aina moja. Chora kila jiwe kwa kisu cha chuma: lisilochorwa liende pipani, linalochorwa liwekwe kando lisubiri msasa na mkono. Na mkishawasha, msilifungue kila siku kama nilivyofanya mimi, ingawa najua mtalifungua.

Raundi yangu ya tano inatoka Jumapili. Niliingiza gramu 1,180 za kwatzi, na nilipopima kabla ya hatua ya mwisho zilikuwa 830. Robo na zaidi ya mawe yangu imekwenda shimoni nyuma ya nyumba, na hiyo ni kwa mawe magumu, yaliyochaguliwa vizuri, yakiangaliwa na mtu makini. Kung'aa kuna bei hata mambo yakienda sawa. Ile njugu ya marumaru iko hapa juu ya meza, karibu na kibodi. Siku hizi huiangalia kabla ya kumwandikia mtu kwamba kazi yake ina makosa.

Tuonane wiki ijayo, nikijaliwa. Nitarudi kwenye programu, naahidi.