Ghorofa zisizo na ua wa ndani ni maradhi tunayojijengea

NYUMBA za ghorofa zinaongezeka Ukunda na Diani, na si ajabu zikatufikia Kikoneni siku si nyingi. Hatuyapingi maendeleo hayo, kwani watu wanahitaji malazi karibu na kazi zao. Lakini sisi madaktari tuna neno na wenye majumba: vile vyumba vya katikati vitapata nuru wapi?

Katika majengo mengi ya kupangisha, vyumba hupangwa pande mbili za ujia mwembamba, na jengo likakaribiana mno na la jirani. Mtaa wa Pipeline, Embakasi, Nairobi, unajulikana kwa jambo hilo. Mpangaji wa chini huwasha taa saa sita za mchana, na dirisha lake hutazama ukuta.

Yahusu nini siha? Kijidudu cha kifua kikuu, ambacho Robert Koch wa Ujerumani alitangaza kukigundua mwaka 1882, husafiri hewani mgonjwa anapokohoa. Chumba kikikosa hewa, huelea humo kwa saa nyingi kikingoja pafu jingine. Hewa ikipita hutawanyika, na jua kali hukiua. Mwaka 2007, watafiti waliopima hospitali 8 mjini Lima, Peru, walionyesha kuwa wodi za kizamani zenye dari za juu na madirisha makubwa zilipitisha hewa vizuri kuliko zile mpya.

Fauka ya hayo, mtoto anayeshinda ndani hukosa vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza kwa jua. Mifupa yake hulegea, akapata matege. Mzee naye huanguka kwenye ngazi zenye giza.

Dawa yake ni ua wa ndani: uwazi katikati ya jengo, kuanzia chini hadi juu, ambao vyumba vyote huutazama. Jambo hili si geni kwetu. Nyumba za kale za mawe za Lamu, mji ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, zina kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, unaoleta nuru na hewa huku kuta za nje zikisitiri wenyeji. Tena sisi tuna bahati. Kwale iko kama nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na jua hutupitia utosini mwezi Machi na Oktoba. Hapa mwanga hushuka hadi chini ya ua kwa wepesi kuliko Ulaya.

Hata hivyo, pana tahadhari mbili. Kwanza, kishimo chembamba si ua. Baada ya sheria ya mwaka 1879, wenye majumba wa New York waliacha vishimo vyembamba vya hewa. Wapangaji wakavitupia taka, vikanuka, na moto ulipozuka vikawa kama dohani. Mwaka 1901 sheria mpya ikadai nyua pana. Pili, tusiuzibe ua kwa kioo. Kioo huzuia miale inayotengeneza vitamini D, na katika joto letu la pwani jengo litageuka tanuri. Kama ni mvua inayohofiwa, paa na liinuliwe, pande ziachwe wazi.

Wenye majumba watasema ua unakula vyumba vya kodi. Ni kweli, ila hasara ya giza huwaangukia wengine. Mgonjwa mmoja wa kifua kikuu hunywa dawa kwa muda usiopungua miezi 6 aghalabu, na dawa hizo serikali huzitoa bure kwa fedha za umma. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, nayo hulihesabu jengo lenye upungufu wa mwanga au hewa kuwa kero kwa afya. Yafaa basi maafisa wa kaunti waikatae ramani isiyo na ua tangu ikiwa karatasi, kwani ukuta ukishasimama ni vigumu kuubomoa.

Nawe mpangaji, kabla ya kulipa amana, nenda ukakitazame chumba saa sita za mchana, taa ikiwa imezimwa. Ukishindwa kusoma gazeti hili humo, tafuta kwingine. Na ukikohoa kwa wiki mbili, usingoje: nenda kituo cha afya ukapimwe.