Nafasi Tupu Si Aibu

Siku hizi umezuka ugonjwa wa kuogopa nafasi tupu. Mtu akiona kisanduku katika jedwali la kompyuta hakina kitu, roho yake haitulii mpaka kijazwe. Na kwa kuwa rekodi ni nyingi na mikono ni michache, kazi hiyo hupewa skripti, yaani maagizo machache ambayo kompyuta huyarudia kwa kila rekodi bila kuchoka. Nami nasema waziwazi: skripti inayojaza isichokijua ni mwongo mwenye bidii, na bidii yake ndiyo inayonitisha.

Nina sababu ya kusema hivi, maana waliosingiziwa ni milima ya kwetu. Katika msitu wa Chome, juu ya mlima Shengena huko Upare ya Kusini, wataalamu wamechuma mimea na kukusanya ndege tangu enzi za ukoloni. Vielelezo vyao vimehifadhiwa katika makumbusho, vingi ng'ambo, kila kimoja na kikaratasi chake. Vikaratasi hivyo hunakiliwa kompyutani, kisha data hupitishwa hatua kwa hatua mpaka kwenye hazina ya kimataifa iitwayo GBIF, ambayo mwaka 2022 ilivuka rekodi bilioni 2. Njiani humo ndimo skripti zinamobandika maelezo yanayoitwa metadata: nchi, wilaya, tarehe, latitudo na longitudo.

Sasa sikiliza, ndugu msomaji. Kikaratasi kimeandikwa "Same" tu. Same ni mji, na Same ni wilaya nzima. Skripti haiulizi. Inachukua nukta moja kutoka orodha ya majina ya mahali na kuibandika. Nimeona ramani ya taasisi moja, sitaitaja, ambamo mimea ya msitu wa mvua imerundikana stendi ya mabasi ya Same! Aliyewahi kushuka hapo anaijua vumbi yake na jua lake. Ni nchi kavu, mita 860 hivi juu ya bahari, ambako mawingu hufika yamekwisha kumwaga mvua yao mlimani. Shengena inapita mita 2,400, na baridi yake si ya mchezo. Huko yuko ndege mdogo, Zosterops winifredae, aliyepewa jina la Bibi Winifred Moreau, asiyepatikana popote duniani ila Upare ya Kusini. Mshushe mjini kwa tarakimu, na kompyuta itakayokadiria makao yake itasema anavumilia ukame. Atakayeamua kesho msitu upi ulindwe ataisoma ramani hiyo na kuiamini.

Skripti nyingine hujifanya inasahihisha. Ikikuta "Wilaya ya Pare" na kuikosa katika orodha ya leo, inaandika Same. Lakini wilaya ile ya zamani ilizaa wilaya mbili, Same na Mwanga. Mmea uliochumwa Usangi umehamishwa wilaya bila miguu. Na panapotajwa mwaka peke yake huwekwa tarehe 1 Januari. Huyo anayechunguza majira ya maua ataamini nini?

Si kwetu tu. Mwaka 2016 ilifichuka kwamba kampuni ya MaxMind ya Marekani, ambayo hukadiria kompyuta iko wapi kwa kutumia anwani yake ya intaneti, iliweka nukta moja ya katikati ya nchi kwa kila anwani ya Marekani isiyojulikana zaidi ya hapo. Nukta hiyo iliangukia shamba karibu na Potwin, Kansas. Anwani zaidi ya milioni 600 zikahesabiwa kuwa ziko pale, na wenyeji wakasumbuliwa kwa miaka na polisi na watu waliokuja kutafuta wezi.

Watanijibu: je, nani atajaza mamilioni kwa mkono? Sijasema skripti zifutwe. Ziandike nchi ni Tanzania pale inapojulikana, zinyooshe tarehe zilizoandikwa kwa mitindo kumi. Lakini kila zinachoweka kiwe na chapa: kimewekwa na skripti ipi, lini, kwa kutumia orodha gani, na kinaweza kukosea kwa kilometa ngapi. Maneno ya kikaratasi yabaki kando yake, yasiguswe. Vipengele vya kuandikia hayo vimo tayari katika kanuni za Darwin Core ambazo GBIF yenyewe huzitumia. Kinachokosekana ni nia. Wazee wetu walichimba ndiva, maji yakakusanywa usiku na kufunguliwa asubuhi, na mwenye shamba alijua maji yake yametoka ndiva ipi na zamu ni ya nani. Leo tunapewa maji bila kuambiwa chanzo, tena tunaambiwa tushukuru.

Na pasipojulikana, paachwe wazi. Kisanduku kitupu humwita mtu aje kukiulizia. Wapo wazee Chome na Mbaga wanaoyajua majina ya Kipare ya vilima na vijito, na wapo vijana wenye simu za kupimia mahali ambao wangepanda nao kwa siku moja. Lakini hakuna atakayewatafuta, maana kwenye jedwali kazi inaonekana imekwisha.