Mtihani wa Mfungashaji Ufanywe Ghalani

Mtu afungashaye bidhaa katika ghala ni mtu asiyesifiwa. Shehena ikifika salama, sifa ni za dereva na za wakala. Ikifika imevunjika, imelowa au imemwagika, kila kidole huelekezwa kwake. Kwa sababu hiyo sisi tunaliunga mkono shauri la kwamba ujuzi wake upimwe na apewe cheti. Lakini tunaliunga mkono kwa sharti, na sharti lenyewe ndilo tunalotaka kulieleza leo.

Kumpima mtu aliyejifunza kazini si jambo geni katika Tanzania. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, imekwisha kuwapima waashi, maseremala na makanika wengi ambao hawakupata kukaa darasani, na kuwapa vyeti vyao. Kanuni yake ni ya haki: mtu hupimwa kwa kile awezacho kukitenda. Hatuoni sababu ya kanuni hiyo kumfikia seremala na kumwacha mtu wa ghalani mlangoni.

Wako watakaocheka na kuuliza kama kufunga boksi nako ni ufundi. Na waje watazame. Nguvu ya katoni imo katika pembe zake nne. Katoni zikipangwa pembe juu ya pembe, ya chini huweza kuibeba ya juu; zikipangwa kwa kupishana kama matofali, rundo halitikisiki upesi, lakini katoni za chini huelemewa, maana uzito huangukia katikati ya ubavu pasipo nguvu. Mfungashaji hodari hujua lini achague njia hii na lini ile, na mara nyingi huzichanganya: tabaka za chini pembe kwa pembe, tabaka ya juu kwa kupishana ili ifunge rundo. Hujua kwamba katoni ikichomoza nje ya paleti, hata kwa upana wa vidole viwili, imekwisha kupoteza sehemu ya nguvu yake. Hujua kwamba katika hewa ya Dar es Salaam au ya Mtwara, katoni iliyokuwa ngumu wakati wa kipupwe hulegea wakati wa masika, na rundo lililosimama vema mwezi wa Julai huweza kuinama mwezi wa Aprili. Hayo hayakuandikwa juu ya boksi. Yamo kichwani na mikononi mwa mtu aliyeyaona yakitokea.

Yako pia yaliyoandikwa, nayo yataka msomaji wake. Mwavuli maana yake mzigo usinyeshewe. Bilauri, ni kitu cha kuvunjika. Mishale miwili, upande huu ndio juu. Kulabu iliyopigwa mstari, usitie kulabu. Fuvu la kichwa katika pembe nne nyekundu ni sumu, na sumu haiwekwi karibu na unga wala juu yake. Paleti ya mbao iendayo ng'ambo hupigwa muhuri wenye suke la ngano, na herufi HT huonyesha kwamba mbao zilipashwa moto hata kiini chake kikafika nyuzijoto 56 kwa dakika 30 mfululizo, ili wadudu wafe. Kijana asiyeujua muhuri huo huweza kupakia shehena nzuri juu ya paleti isiyo nao, na mzigo wote ukakataliwa katika bandari ya watu.

Wala jambo hili si la mjini peke yake. Tangu Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, mkulima wa korosho hupeleka mazao yake ghalani akapokea karatasi, na karatasi hiyo ndiyo mali yake hata siku ya mnada. Magunia yakilazwa juu ya sakafu tupu badala ya chaga, au yakisukumwa hadi ukutani pasiwe na njia ya hewa, korosho huvuta unyevu zikaota ukungu, na karatasi ya mkulima hupungua thamani yeye akiwa shambani hana habari. Akiba yake ya mwaka mzima imo mikononi mwa hamali ambaye hajapata kuulizwa na mtu anajua nini.

Basi apimwe vipi? Sharti letu la kwanza ni kwamba mtihani wake usiwe wa kalamu, wala usiwe wa Kiingereza. Mtu aliyepanga magunia kwa miaka ishirini aweza kushindwa kujaza karatasi ya maswali, na kijana aliyemaliza shule mwaka jana akaijaza yote bila kujua namna ya kushona mdomo wa gunia. Mtihani ufanywe ghalani, kwa Kiswahili, mbele ya mzigo wenyewe: apewe bidhaa za namna tatu au nne, vya kuvunjika, vya majimaji, vizito na vyepesi, achague vifungashio, afungashe, apange, kisha aeleze kwa kinywa chake kwa nini alifanya hivyo. Na mpimaji awe mtu aliyepata kuishika kazi hiyo.

Tena mpimaji asitosheke na mzigo wa siku ya mtihani. Autazame na mzigo wa jana. Siku ya mtihani kila mtu huenda taratibu na kila kitu hufungwa vema. Kesho yake kibarua alipwaye kwa idadi ya maboksi hurudi kwenye mbio zake, kwa kuwa boksi lililofungwa kwa uangalifu na boksi lililofungwa ovyo hulipwa senti zilezile. Tofauti ikionekana kubwa kati ya mzigo wa jana na wa leo, ujuzi upo, na kasoro iko katika namna ya kulipa. Jambo hilo mpimaji aliandike, tena wazi, maana hapo ndipo wenye maghala wengi wasipopenda patazamwe.

Kuhusu uzito tutasema maneno machache. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilitoa mapendekezo kwamba mwanamume mzima asibebeshwe kwa mikono zaidi ya kilo 55, na mkataba wa mwaka huohuo ukataka mtu afundishwe namna ya kubeba kabla ya kupewa kazi hiyo. Kwetu kanuni za vipimo zinakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100, na lumbesa imepigwa marufuku kwa kuwa inamwibia mkulima. Ni vema. Lakini gunia la kilo 100 lililo halali mbele ya mzani bado ni karibu mara mbili ya kile kinachopendekezwa kwa mgongo wa mtu mmoja. Kumpa mtu gunia hilo peke yake, kisha kumwandikia kwamba hakuinama kwa namna ipasayo, ni dhihaka.

Sharti letu la pili lahusu mshahara. Mara nyingi bidhaa zikiharibika, hesabu hufanywa ofisini na kibarua hukuta fedha zimepungua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu hivyo. Mwajiri hana budi kuonyesha kwamba hasara ilitokea kazini na kwa kosa la mfanya kazi huyo. Amwandikie sababu, kiasi na hesabu yake. Ampe nafasi ya kujitetea. Asikate kupita hasara yenyewe. Na jumla ya makato isizidi robo ya ujira wake wa fedha. Ni wangapi kati ya ndugu zetu wa maghalani waliopata kuiona barua ya namna hiyo?

Hapa ndipo kipimo cha ujuzi kinapoweza kuwa ngao au fimbo. Kikifanywa nusunusu, kitampa mwajiri karatasi ya kusema, "Fulani alipata alama ndogo, kosa ni lake." Kikifanywa sawasawa, kitaonyesha kwamba fulani alijua kazi, ila utepe ulikuwa umekwisha tangu Jumatatu, katoni zilikuwa zimetumika mara tatu, na paleti zilikuwa na misumari nje. Kwa hiyo tunataka fomu moja yenye kurasa mbili: ukurasa wa mfungashaji na ukurasa wa ghala lenyewe, yaani vifungashio, taa, chaga, njia za kupita, glavu na viatu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imeweka wawakilishi wa wafanya kazi katika mambo ya usalama. Mwakilishi awepo mtihani unapofanywa, atie sahihi kurasa zote mbili, na nakala moja ikae katika tawi la chama cha wafanya kazi, mahali ambapo mtu aweza kuifuata siku atakapokuta mshahara wake umekatwa.