Wauza Chai ya Kukonda, Someni Pakiti Yenu kwa Sauti

Watu wa Griftu, hii chai ya kupunguza mwili inayopigiwa debe kila siku kwa status, "kilo tano kwa wiki, asili tupu", nani amesoma vilivyomo? Mimi chuo niliacha, sina digrii ya chochote, lakini pakiti isiyotaja vilivyomo hata mtoto wa madrasa ataishuku.

Na huu mchezo ni wa kitambo. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wafanyakazi wa viwanda vya mabomu Ufaransa walishika kemikali inayoitwa dinitrofenoli. Wakakonda, wakatokwa jasho kupita kiasi, wengine wakafa. Unadhani watu waliikimbia? 1933, watafiti wa Stanford, Marekani, wakaitangaza kuwa dawa ya kukondesha, na inakadiriwa watu 100,000 hivi waliimeza. Inakondesha, sikatai. Mwili unachoma akiba yake na kuigeuza joto tupu, mpaka mtu anapikika kutoka ndani. Wengine walibaki na mtoto wa jicho. 1938 serikali ya huko ikasema haifai kwa binadamu. Mpaka leo inauzwa kimagendo mtandaoni, na inaua. Sasa weka kidonge hicho kwa jua letu la saa nane, wallahi.

"Lakini yangu ni ya majani." Sawa, abaayo. Sibutramini ilitolewa sokoni Ulaya na Marekani 2010 kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Tangu hapo imenaswa mara nyingi ikiwa imefichwa ndani ya chai na kahawa za "asili". Na kama kweli ni majani, huenda ni sanamaki tu, dawa ya mtu aliyefunga choo. Unaharisha siku nne, mzani unashuka, unapiga picha. Kilichotoka ni maji na chumvi. Mafuta yako palepale. Kaunti inayoletewa maji kwa lori wakati wa ukame, sisi tunalipia kuyamwaga chooni!

Wanaonikasirisha zaidi ni wenzangu wa kamera, wanaolipwa kusema "imenisaidia" na hata hawajaionja. Msichana amebakisha wiki tatu aolewe, anakunywa vikombe vitatu kwa siku kwa sababu ya video yako. Akizimia, hospitali ya rufaa iko Wajir mjini, na wewe simu umezima.

Leteni pakiti tuisome mubashara: jina la kiwanda, vilivyomo, namba ya usajili ya Bodi ya Famasia na Sumu. Mwenye navyo vyote nitamtangazia bure.