Watawa wa Kihindu: Kwani Kuna Ubaya Gani?

Katika mjadala wa chama muhula uliopita, mwenzetu mmoja alisimama akasema ati hekalu la Wahindu ni la Wahindi peke yao, na ati mwanamke humo kazi yake ni kufagia tu. Akapigiwa makofi! Kengele ililia kabla sijapewa nafasi, basi namjibu hapa.

Hebu twende Santa Barbara, huko California, Marekani. Milimani pana hekalu la Shirika la Vedanta, lililojengwa mwaka wa 1956. Aliyelichora ni mwanamke, Lutah Maria Riggs, akifuata mtindo wa mahekalu ya mbao ya Kusini mwa India. Kando yake wanaishi watawa wa kike, na hao ndio wafanyao ibada mbele ya madhabahu. Sasa ufagio uko wapi hapo? Mlango nao u wazi kwa umma. Mkristo, Mwislamu, hata asiye na dini huingia akaketi kimya.

Makao yao yana jina la Sarada Devi, mama Mbengali aliyefariki mwaka wa 1920. Kule India nako watawa wa kike walipata shirika lao, Sri Sarada Math, mwaka wa 1954, na tangu 1959 wanajitawala wenyewe. Mtawa aliyekula viapo vya mwisho huitwa Pravrajika. (Jaribu kulitamka haraka mara tatu!)

Mbona nayasema haya? Shangazi yangu kila akija kwetu huniuliza nitaolewa lini nikimaliza shule, kana kwamba hakuna swali jingine duniani. Simlaumu, ananipenda. Lakini wako wanawake waliochagua kusoma, kusali na kuhudumia watu bila mume, na hawakupotea. Sisi Wakatoliki tuna masista wetu na hakuna anayewacheka. Mbona wa Kihindu wachekwe?

Sisemi tubadili dini, la hasha! Nasema chama kikipanga ziara, tuandike barua kwa hekalu la Swaminarayan la Nairobi, lililofunguliwa mwaka wa 1999. Mawe yake yalichongwa India, yakaletwa kwa meli na kuunganishwa papa hapa. Mchango wa nauli mimi nitatoa wa kwanza, na yule mwenzetu wa makofi nitamwekea kiti karibu nami.