Pano za barabara zinatudanganya, na barabara nayo ni kazi

Bandugu bafanyakazi ba mine, ba mama, na batoto benye kungojea baba ku nyumba,

Asubuhi moja, posti ya usiku imeisha, tulikuwa ndani ya bisi ya kazi tunarudi Likasi. Mbele yetu kulikuwa kamyo ya asidi, inaenda polepole. Shofere yetu alingojea. Kisha ile kamyo ikawasha kleñota ya kuume. Kwetu, kila mutu mwenye kutembeza ku Nationale anajua maana yake: «Njia iko wazi, pita.» Shofere akatoka. Uso kwa uso tukaona mataa ya kamyo ingine. Akakanyaga freni, akarudi nyuma ya asidi, bisi ikayumba, mabakuli ya chakula yakaanguka chini. Hakuna mwenye alikufa.

Ku peaji tukakuta ile kamyo imesimama. Tulishuka na hasira. Shofere yake alikuwa muzee wa upande wa Zambia. Tuliongea naye Kibemba, na yeye njo alituuliza wa kwanza: «Ba tata, mulipita juu ya nini? Mimi niliwaambia musipite!» Kwao banatembeza ku kushoto. Kleñota ya kuume inaonyesha katikati ya barabara, maana yake ni «kuko mwenye anakuja». Ya kushoto njo inasema «pita». Kwetu tunatembeza ku kuume, basi maneno yote yanageuka. Muzee alisema kweli kwa desturi ya kwao. Sisi tulisikia kwa desturi ya kwetu. Katikati kulikuwa batu makumi tatu ndani ya bisi.

Hasira ikaisha. Tukabaki na swali moja: nani alipashwa kumwambia yule muzee, na kumwambia shofere yetu? Hakuna mwenye aliwaambia.

Ku Kasumbalesa, mupaka unapita katikati ya desturi mbili. Upande mumoja Waingereza baliacha kutembeza ku kushoto, upande mwingine Wabelgiji baliacha kutembeza ku kuume. Makamyo ya kutoka Zambia, Tanzania na Afrika ya Kusini iko na usukani ku kuume. Ikiingia kwetu, shofere anaikaa upande wa mufereji. Akitaka kupita mwenzake, hawezi kuona mbele mupaka kichwa ya kamyo imetoka katikati ya barabara. Na ile kamyo haikuje kutembea: inabeba shaba na kobalti yetu, inaleta asidi na shoka. Kutoka Kasumbalesa mupaka Kolwezi ni karibu kilomita 400. Hatukuona pano moja yenye kumweleza mugeni ile mambo ya kleñota.

Pano zenyewe, tuhesabu kidogo, maana mutu akizijua anaweza kucheka, kisha anaacha kucheka.

Tuliona pano ya kona kali, lakini imesimamishwa kisha kona. Ukiisoma, kona umekwisha kuipita, ao umekwisha kuanguka. Tuliona pano ya dodani yenye kusimama pembeni ya dodani yenyewe, na dodani haina rangi. Usiku unaijua na mugongo. Tuliona pano ya 30 ya zamani ya kazi ya barabara: kazi iliisha, bafanyakazi balienda, 30 ikabaki pekee yake mu pori. Kila mutu anaipita na 90. Ubaya wake ni kwamba inatufundisha kuzarau pano. Kesho, kwenye masomo, kuko 30 ya kweli, na sisi tumezoea.

Kuko pano zenye maneno mingi: «Ralentir», «Sortie de camions». Shofere wa Tanzania hajui Kifaransa. Mama wa mugini mwenye kuvuka na ndoo ya maji, mara mingi hakikujifunza. Kuko pano ingine, kwenye mulango wa mine, imeandikwa Kichina na Kiingereza. Lakini tangu Convention ya Vienne ya 1968, mataifa balipatana pano ziseme na picha na umbo. Pembe tatu na rangi nyekundu inasema «angalia», hata kwa mutu asiyesoma. STOP iko na pembe munane juu ya ile ile: hata vumbi ikifunika maandiko, umbo linajulikana. Na vumbi, sisi tunaijua.

Zingine hazipo tena. Bati ya pano ni bati muzuri. Tuliona mbabula yenye ingali na rangi nyekundu na nyeupe ubavuni. Hatumuhukumu mwenye aliitengeneza, anatafuta sombe ya batoto. Lakini tuambiane kweli: mbabula ile inapika chakula ku nyumba, na ku kona mutoto wa mwingine anazikwa.

Pahali pano haziko, batu balifanya zao. Kamyo ikikufa, shofere anakata matawi, anayatandika mbele na nyuma. Matawi mu barabara: kamyo imekufa, punguza. Hii njo pano yenye kila mutu anaheshimu, juu haikusema bongo hata siku moja. Wazo ni muzuri. Ila kamyo ikipona, matawi yanabaki, na mawe yenye ilizuia magurudumu yanabaki pia. Usiku manseba anakuja na moto yake, ao muuza makala na kinga yake, na ile jiwe njo inamungojea.

Sasa tuingie ndani ya mine, kwa ile mulango tunapita kila siku. Ukipita baryeri, dunia inabadilika. Ku STOP unasimama kabisa, magurudumu yote, hata hakuna mutu. Pikapu inabeba bendera ya juu na taa ya kuzunguka, ili mashine kubwa zione. Pembeni ya njia kuko tuta la udongo lenye kufika nusu ya gurudumu ya mashine kubwa zaidi. Hupiti mbele ya mashine mbila kuongea na radio. Pano ikianguka, mbele ya posti kuisha imesimamishwa. Mutu akizarau, anapoteza kazi.

Tunajiuliza: ile kamyo ya asidi yenye kutii yote ndani, juu ya nini ikitoka mulango haina mutu wa kuiuliza? Asidi ni ile ile. Sisi tuko bale bale. Mu mwezi wa pili 2019, ku Kabwe, mu Lualaba, kamyo ya asidi iligongana na bisi, batu zaidi ya kumi balikufa. Hawakukufia mu mine. Lakini ile asidi ilikuwa ya kazi ya mine.

Batu bengine banasema: kosa ni ya ba shofere, banalewa, banakimbia. Ni kweli, kuko benye kulewa, na mu sindika hatubatetei. Lakini mutu mwenye kulewa na mutu mwenye akili yake, bote banadanganywa na pano yenye kusimama kisha kona. Shofere yetu wa ile asubuhi hakukunywa kintu.

Kwa hiyo tunaomba mambo tatu, na hakuna hata moja yenye kushinda nguvu ya mine.

Ya kwanza. Code du travail inaomba komite ya usalama na usafi ku kazi. Ba delege, muingize barabara mu ile komite. Mine ipime njia ya bisi yake na njia ya makamyo yake: kila kona, kila dodani, kila masomo. Kwa kila shofere mugeni, ku mupaka ao ku mulango, karatasi moja yenye picha: kwetu kleñota ya kuume ni hivi, ya kushoto ni hivi. Na mupaka siku ile, ba shofere betu: usiamini kleñota ya kamyo yenye usukani ku kuume. Amini macho yako, ao ungojee.

Ya pili ni feza. Code minier ya 2018 inasema 15% ya redevance inaenda kwa sekteri, sheferi ao komine ya pahali mine iko, na tena 0,3% ya chiffre d'affaires ni ya maendeleo ya migini ya karibu. Benye kuikaa mu ile mikutano, muombe rangi ya dodani na pano ya masomo. Na ukisimamisha pano ya mutu wa mugini, umupe mugini kazi ya kuichunga. Mbele ya kulinda bati, mutu apashwa kujua ni ya mutoto wake.

Ya tatu ni kwa ba mama. Sheria ya sécurité sociale ya 2016 inahesabu aksida ya njiani, kati ya nyumba na kazi, kama aksida ya kazi. Bakikuambia «alikufia inje ya baryeri, haituhusu», usiondoke. Tafuta delege siku ile ile. Chunga karatasi ya polisi, ya hospitali, na majina ya benye baliona.

Na sisi bote, kuko kazi yenye haina feza wala mukutano. Kamyo yako ikipona, toa matawi. Toa na mawe. Usipowasha moto wa kamyo mbele ya kuyatoa, manseba mumoja atafika ku nyumba, na hutajua jina lake hata siku moja.