Mlango Huu Umeshalipiwa

Mlango wangu ulianza kulia mwezi wa pili baada ya kuhamia. Mwezi wa tano ukawa unakwaruza sakafu. Siku bawaba ya juu ilipong'oka, nilibaki nimeukumbatia mlango mzima pale kizingitini. Keateka akapanda ngazi, akatazama, akasema: "Hiyo ni yako, kijana. Itatolewa kwa dipoziti."

Yangu kivipi? Hebu tuangalie fremu yenyewe. Uzito wa mlango huivuta bawaba ya juu itoke, ilhali ya chini husukumwa ndani. Ndiyo maana ya juu hung'oka kwanza, na ndiyo maana fundi anayejua kazi huweka hapo skrubu ndefu, za inchi 2 na nusu hivi. Yangu ilishikiliwa na skrubu 2 za inchi 1 kwenye matundu 4, tena moja iligongwa kwa nyundo. Skrubu ya kugongwa hurarua mbao, haishiki kitu. Fremu nayo ni saiprasi iliyowekwa ikiwa mbichi. Ilipokauka, ikapasuka palepale penye skrubu.

Hayo yote yalifanyika kabla sijajua hii ploti iko wapi.

Fundi aliyeletwa alijaza njiti za kiberiti tunduni, akarudisha skrubu zilezile. Dakika 10. Sina vita na njiti. Tundu likilegea tu na mbao bado ni nzima, njiti na gundi ya mbao zitasaidia, mradi uiache gundi ikauke usiku kucha. Lakini mbao iliyopasuka haijazwi. Unaikata kwa patasi mpaka ufikie penye uzima, unachonga kiraka cha mbao ngumu kikae bila kucheza, unapaka gundi, unakibana. Kesho yake unatoboa matundu membamba kuliko skrubu, ndipo bawaba inarudi. Nilimwambia hivyo. Akacheka. "Najua, bosi. Lakini nimelipwa ya njiti."

Kwa hivyo msinitajie wapangaji wasiojua kutunza nyumba. Na msiniambie niende mahakamani. Sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, inawalinda wanaolipa kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nionyesheni bedsita ya 2,500 hapa Nairobi nihamie leo, hata kama haina mlango. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inaniahidi makao ya kufaa. Nimeisoma. (Chuo sikumaliza, lakini kusoma najua.)

Njiti zilidumu siku 19. Sasa nikilala naegemeza meza mlangoni, na zile skrubu 2 nimezihifadhi kwenye kikombe pamoja na picha za ule ufa, zikingoja siku ya kuhama. Mama wa namba 4 ameniambia aliyekaa hapa kabla yangu alikatwa dipoziti kwa mlango huuhuu. Hiyo pesa ilinunua njiti ngapi?